Triatloni: mchezo wa ziwa, kinga na miguu, na somo lake kwa wakaaji wa Kalemie

Asubuhi mjini Kalemie, mambo matatu yanaonekana bila kutafutwa. Vijana wanaingia ziwani kuoga na kuogelea. Watu wa baiskeli, au kinga kama wanavyoita wengi katika Katanga ya zamani, wanafika na mifuko ya makala kutoka vijijini. Na wale wanaopenda spoti wanakimbia pembeni ya barabara kabla jua halijakuwa kali. Iko mchezo mmoja duniani unaofunga hayo yote matatu katika siku moja, bila kupumzika katikati. Unaitwa triatloni.

Watu wengi wanausikia kwenye redio au kuuona kwenye televisheni wakati wa Olimpiki, kisha wanafikiri ni mambo ya mabingwa na watu wenye pesa. Lakini wengi wanaoshindana triatloni duniani si mabingwa. Ni walimu, wauguzi, wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, hata masista wa kanisa. Wanajizoeza alfajiri kabla ya kazi. Siku ya mashindano hawatafuti medali, wanatafuta tu kufika mwisho.

Triatloni inafanyika namna gani?

Mwanaspoti anaanza kwa kuogelea, anatoka majini na kupanda baiskeli, kisha anaiacha baiskeli na kukimbia hadi mstari wa mwisho. Saa haisimami hata dakika moja. Muda wa kuvua nguo ya maji, kufunga kofia ngumu na kuvaa viatu unahesabiwa pia. Ndiyo sababu wazoefu wanasema kubadilisha ni kama mchezo wa nne.

Vipimo vinavyojulikana zaidi ni vinne:

– Triatloni fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilometa 20, kukimbia kilometa 5.
– Ya Olimpiki: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilometa 40, kukimbia kilometa 10.
– Nusu Ironman, inayoitwa pia 70.3: kuogelea kilometa 1.9, baiskeli kilometa 90, kukimbia kilometa 21.1. Hiyo 70.3 ni jumla ya maili zote.
– Ironman kamili: kuogelea kilometa 3.8, baiskeli kilometa 180, kukimbia kilometa 42.2, yaani maratoni nzima.

Sheria zake ni rahisi kuelewa. Kofia ngumu lazima ifungwe kichwani kabla ya kugusa baiskeli. Kwenye mbio ndefu, mwanaspoti wa kawaida hana ruhusa ya kujificha nyuma ya baiskeli ya mwingine ili asipigwe na upepo. Majini, mtu aliyechoka anaweza kushika boya au mtumbwi wa waokoaji apumue, na hafukuzwi, mradi asivutwe kwenda mbele. Sheria hiyo ya mwisho inaonyesha kwamba mchezo huu unajua hatari yake iko wapi.

Ulianza wapi?

Triatloni ya kwanza yenye jina hilo katika Marekani ilifanyika tarehe 25 Septemba 1974, pale Mission Bay, mjini San Diego. Iliandaliwa na Jack Johnstone na Don Shanahan, wanachama wa kilabu cha wakimbiaji cha mji huo. Watu 46 walimaliza. Ilikuwa ni mazoezi ya kuburudika tu, jioni moja katikati ya juma, na jua lilizama wengine wakiwa bado majini.

Kati ya walioshiriki siku ile walikuwamo bwana na bibi, John na Judy Collins. John alikuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani. Baadaye walihamia visiwa vya Hawaii, na huko watu wakabishana: kati ya muogeleaji, mkimbiaji na mtu wa baiskeli, nani ana mwili wenye nguvu zaidi? John Collins alimtaja Eddy Merckx, yule bingwa wa Ubelgiji ambaye wazee wengi wa Kongo wanalikumbuka jina lake, kwamba mapafu yake yanawashinda wote. Ili ubishi uishe, wakaunganisha mashindano matatu magumu ya kisiwa kile kuwa siku moja.

Ile siku ilikuwa tarehe 18 Februari 1978. Watu 15 walianza, 12 wakafika. Gordon Haller alikuwa wa kwanza kwa masaa 11, dakika 46 na sekunde 58. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani, na wasaidizi wake wakampa pombe ya bia sababu hawakuwa na kitu kingine. Mwaka uliofuata akaja mwanamke wa kwanza, Lyn Lemaire, akiwa peke yake kati ya wanaume, na alimaliza wa tano.

Miaka 22 baada ya Hawaii, triatloni iliingia kwenye Olimpiki, mjini Sydney mwaka 2000. Brigitte McMahon wa Uswisi alishinda upande wa wanawake, na Simon Whitfield wa Kanada upande wa wanaume. Afrika ilipata medali yake ya kwanza mjini Rio mwaka 2016, wakati Henri Schoeman wa Afrika Kusini alipochukua shaba.

Mwanafunzi aliyetambaa

Kisa kilichoujulisha mchezo huu kwa dunia si cha bingwa. Ni cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha California, Julie Moss, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Aliingia Ironman ya Hawaii mwezi wa Februari 1982 kwa sababu ya masomo: alitaka kuandika kazi yake ya mwisho juu ya namna mwili unavyofanya kazi katika mazoezi makubwa. Hakuna aliyemhesabu kati ya watakaoshinda.

Lakini kwenye baiskeli akapita wengine, na kwenye kukimbia akawa mbele ya wanawake wote. Zikiwa zimebaki hatua chache tu, miguu ikakataa. Alianguka, akasimama, akaanguka tena. Kamera za televisheni zilikuwa juu yake. Mita chache kabla ya mstari, Kathleen McCartney akampita na kushinda. Moss hakulala pale. Alitambaa kwa mikono na magoti mpaka akaugusa mstari. Alichelewa kwa sekunde 29.

Televisheni ya Marekani ilipoonyesha picha zile, maelfu ya watu waliokuwa hawajawahi kusikia neno triatloni walitaka kujaribu. Jina la Moss aliyekuwa wa pili linatajwa hadi leo pamoja na la aliyeshinda, mara nyingi hata zaidi yake.

Kilichomwangusha kinaelezeka. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, lakini akiba hiyo haifiki mbali: mtu akifanya kazi kali bila kula, inaweza kuisha ndani ya masaa mawili hivi. Ikiisha, kichwa kinaamuru lakini miguu haisikii. Ukiongeza jua na kukosa maji, mtu anaanguka. Waganga wa spoti wanashauri mtu apate gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mbio ndefu. Kwa lugha ya sokoni, ni kama ndizi mbivu moja hadi mbili kila saa, na maji kidogo kidogo. Wachukuzi wa makala wanaotoka kijijini na kipande cha muhogo au bukari ya jana kwenye mfuko wanafuata kanuni hiyohiyo bila kuisoma kokote.

Sista wa miaka 82 na muogeleaji wa Malabo

Wakristo wengi wa Tanganyika wangeshangaa kumwona Sista Madonna Buder kwenye mbio. Mtawa huyu wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1930, alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka 48 kwa shauri la padri mmoja, na triatloni akaiingia baada ya miaka 50. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza Ironman nzima nchini Kanada, muda mfupi tu kabla ya masaa 17 yanayoruhusiwa kwisha. Waandaaji walikuwa wakilazimika kufungua makundi mapya ya umri sababu yeye alikuwa anayafikia wa kwanza.

Kwa Afrika, yuko mfano mwingine, hata kama si wa triatloni. Katika Olimpiki ileile ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, katika bwawa dogo la hoteli, na hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50. Wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake. Mita za mwisho zilikuwa za taabu, watazamaji wakasimama na kumpigia makofi. Alifika kwa dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa mabingwa. Baadaye akawa kocha wa kuogelea wa nchi yake.

Wengine walimcheka, wengine wakamsifu. Lakini kwa mtu wa kwetu, jambo kubwa katika kisa chake liko katika zile mita za mwisho: pale palikuwa na bwawa lenye ukingo na waokoaji wamesimama karibu. Ziwani hakuna ukingo.

Karibu na hapa: ziwa Kivu

Watu wa mashariki hawahitaji kwenda Hawaii. Mwezi wa Agosti 2022, mashindano ya nusu Ironman yalifanyika Rubavu, upande wa Rwanda wa ziwa Kivu, mji unaopakana na Goma. Yalikuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika ya Mashariki. Washiriki waliogelea katika ziwa Kivu, ambalo liko mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, kisha baiskeli na mbio vikafuata.

Kwa anayeshiriki mara ya kwanza, siku ya namna hii inaanza kabla ya mapambazuko. Anakula mapema, masaa mawili au matatu kabla. Anaandikwa namba mkononi. Anapanga vitu vyake chini ya baiskeli kwa utaratibu atakaovitumia: kofia, miwani, viatu, chupa ya maji. Kisha anasimama ufukweni na mamia ya wengine.

Dakika za kwanza majini ndizo zinazoogopwa. Mikono na miguu inagongana, maji yanaingia mdomoni, moyo unapiga haraka, na chini hakuna lami ya kutazama kama kwenye bwawa. Akitulia, anapata mwendo wake. Akitoka, kichwa kinazunguka, sababu damu ilikuwa imezoea mwili uliolala. Kwenye baiskeli ndipo anapokula. Akishuka kuanza kukimbia, miguu inakuwa mizito kama ya mtu mwingine, na inahitaji kilometa moja au mbili kukubali. Mwishoni anashindana na saa, sababu kila sehemu ina muda wake wa kufungwa. Anayechelewa anaombwa kwa heshima asimame. Na yule wa mwisho kabisa akifika ndani ya muda, mara nyingi ndiye anayepigiwa makofi mengi.

Hatari iko majini

Madaktari nchini Marekani walichunguza vifo vilivyotokea katika triatloni kati ya mwaka 2006 na 2008. Kati ya washiriki karibu 960,000, watu 14 walikufa. Kati ya hao 14, 13 walikufa katika sehemu ya kuogelea. Na pale kulikuwa na maboti, waganga na waokoaji. Kwa wakaaji wa Kalemie hesabu hiyo ina uzito, sababu ziwa ni njia, ni soko na ni kazi ya kila siku, na kila familia ya pwani inajua habari ya mtumbwi uliopinduka.

Ziwa Tanganyika si bwawa kubwa. Lina urefu wa karibu kilometa 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Maji yake ya juu yana joto mwaka mzima, kwa hiyo nguo za mpira zinazovaliwa Ulaya hazina kazi hapa. Lakini kuna mambo manne ambayo muogeleaji wa Kalemie lazima ayajue.

La kwanza ni upepo. Katika kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Wavuvi wanajua siku za kutoka na siku za kubaki. Muogeleaji awaulize wao kwanza.

La pili ni wanyama. Mamba na viboko wanakaa hasa karibu na midomo ya mito na penye matete. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea mto Kongo, unapita mjini kabisa. Mahali watu wa mtaa wanapokataza kuoga si hadithi za kutisha watoto.

La tatu ni kichocho. Vidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, penye majani, na vinapenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Anayeoga ziwani mara kwa mara apimwe, sababu dawa yake iko.

La nne ni uchafu. Kalemie inaijua kolera, na miaka ambayo ziwa limepanda na kuingia ndani ya nyumba na vyoo, hatari imeongezeka. Muogeleaji anameza maji hata kama hataki. Hata Paris iliona taabu hiyo: katika Olimpiki ya 2024, triatloni ya wanaume iliahirishwa kutoka tarehe 30 hadi 31 Julai sababu maji ya mto Seine yalikuwa na vijidudu vingi kuliko inavyoruhusiwa. Kama mji ule ulisubiri siku moja, hakuna aibu kwa kijana wa Kalemie kusubiri baada ya mvua kubwa.

Anayetaka kuanza, aanzie wapi?

Kwanza, asiyejua kuogelea vizuri asianze na triatloni. Kuna duatloni: kukimbia, baiskeli, kisha kukimbia tena. Kipimo chake kifupi ni kilometa 5, kilometa 20 na kilometa 2.5. Hakuna ziwa ndani yake, na miguu inachoka vilevile.

Pili, kuna triatloni ya timu. Mmoja anaogelea, wa pili anaendesha kinga, wa tatu anakimbia. Kwa shule, parokia au vijana wa kata moja, hii ndiyo inayofaa zaidi, sababu kila mtu analeta anachokijua.

Tatu, kinga ya chuma isiyo na gia inatosha kwa mwanzo. Watu wanaosukuma mifuko ya makala kwenye milima wana nguvu ambayo baiskeli za bei kali hazinunui. Kinachohitajika kabla ya yote ni breki zinazoshika na kofia ngumu. Barabara namba 5, inayotoka Lubumbashi kupitia Kalemie na kupanda kuelekea Uvira, haina nafasi ya pembeni kwa baiskeli, na motokari na moto hazisubiri.

Nne, anayejifunza kuogelea afanye hivyo sambamba na pwani, si kuelekea katikati. Asiwe peke yake kamwe. Mtumbwi wenye mtu anayejua ziwa umfuate karibu, na ndani yake jile ya uokozi au hata bidoni tupu iliyofungwa kamba. Ajifunze kwanza kugeuka na kulala chali akichoka. Wanaokufa majini wengi hawakukosa nguvu tangu mwanzo, walipoteza utulivu kwanza.

Tano, maji ya kunywa. Anayetoka jasho masaa mengi anapoteza chumvi pia, na kunywa maji matupu kupita kiasi kunaweza kumdhuru. Wamama wa Kalemie wanajua tayari dawa inayofanana na hiyo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Inayomrudisha mgonjwa wa kuhara ndiyo kanuni inayomshikilia mwanaspoti kwenye jua.

Sita, mwenye zaidi ya miaka 40, au aliyewahi kusikia maumivu ya kifua, aonane na munganga kabla. Na mwenye malaria apone kabisa kwanza, kisha ndipo arudie mazoezi.

Julie Moss alifika akiwa anatambaa, na dunia ikamheshimu, sababu alikuwa juu ya ardhi na watu walikuwa wamemzunguka. Mwenye kuishiwa nguvu hivyo katikati ya ziwa Tanganyika hana pa kutambaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kilabu chochote kitakachotaka kuleta mchezo huu Kalemie ni ndogo na haina makofi: kuwafundisha watoto wa pwani, wavulana na wasichana, kuelea juu ya maji na kurudi ufukweni. Hata wasiposhindana siku moja maishani mwao, siku mtumbwi utakapopinduka watakuwa na la kufanya.